Gari Lisilowaka kwa Kusukumwa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo gereji, iwe umekaa kwenye kiti au umelala chini ya gari la mtu. Natumaini mgongo umetulia, na wifi na watoto hawajambo. Mama je? Mguu bado unamsumbua asubuhi, au ile dawa ya kuchua niliyotuma imemsaidia? Mwambie nakula vizuri, maana najua hilo ndilo swali lake la kwanza. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipungua, na sababu utaiona humu ukinivumilia.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu zipo. Kwenye simu, kaka, wewe huniwahi. Nikianza sentensi unaimalizia, na mara nyingi unaimalizia tofauti na nilivyokusudia, nami naitikia ndiyo kwa woga tu. Karatasi haimkatizi mtu. Nakuomba uisome yote kabla ya kumsomea mama.

Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nilikueleza kwamba bosi ameleta gari la umeme la majaribio hapa bohari ya dawa, na kwamba amenipa mimi kazi ya kulifuata kila linakokwenda, kisha niseme mbele ya kikao kama linaweza kuchukua nafasi ya magari yetu ya petroli. Ulicheka sana. Ukasema wasomi wamepata mwanasesere mpya, na kwamba gari linalochajiwa kama simu litaishia kupotea kama simu. Lakini uliponisindikiza hadi kituoni uliacha kucheka. Ulinishika bega ukaniambia nisisahau ni nani anayetengeneza magari yote ya bohari, ni nani aliyenipeleka kwa bosi nikapata kazi, na kwamba mle ndani mtu wenu ni mimi. Sikusahau. Nimetembea na maneno hayo kama mtu aliyeweka yai mfukoni.

Sasa nikueleze lilivyokuwa. Dereva aliyepewa gari hilo ni yule yule unayemfahamu, Mzee Polepole, ambaye hajawahi kuingiza gia ya nne bila kuomba radhi. Siku ya kwanza alifungua boneti, akainama, akatazama kwa muda mrefu kama mgeni aliyebisha hodi akakuta wenyewe wamehama. Akaniuliza maji yanawekwa wapi. Nikamwambia ya kuoshea kioo tu. Oili je? Nikamwambia hakuna oili ya kubadilisha. Akafunga boneti taratibu, akaenda stoo, akarudi na lile dumu lake la petroli ya akiba, akalifunga nyuma kwa kamba kama anavyofanya siku zote. Sikuwa na moyo wa kumwambia alitoe. Tulizunguka nalo muda wote wa majaribio, petroli ya akiba ya gari lisilonywa petroli.

Mjini, kaka, lazima niseme kweli, gari lile ni jema. Chupa za dawa hazigongani. Kwenye foleni, pale ambapo yale mengine hupandisha joto mpaka Mzee Polepole anashuka kuyapepea kwa gazeti, hili linakaa kimya tu kama mtu anayefikiria mambo yake. Ukimya huo nao una taabu zake. Mlinzi wa geti nusura agongwe mara mbili, na sasa anataka lifungwe kengele kama mbuzi. Anasema gari la kweli linabisha hodi kutoka barabarani.

Umeme ulipokatika, bosi aliwasha jenereta ili gari lipate chaji. Mzee Polepole alisimama kando akasikiliza lile jenereta likinguruma na kutoa moshi, akaniambia petroli imefukuzwa mlango wa mbele, sasa imeingilia dirishani. Wapakiaji wote walicheka. Nami nilicheka, nikawaza kwamba neno hilo utalipenda, nikaliweka kichwani nije nikusimulie.

Kisha ikaja siku ya mlimani. Kile kituo cha afya cha juu kabisa, ambako wewe mwenyewe uliwahi kwenda kulivuta gari letu lilipovunjika springi, kilikuwa kinasubiri dawa zinazokaa kwenye barafu. Umeme ulikuwa umesumbua tangu jana yake na chaji haikujaa, lakini mshale ulionyesha tutafika. Mshale haukujua mlima ule. Tulipanda, chaji ikashuka, tukazima redio, tukazima feni, Mzee Polepole akavua hata koti kana kwamba ndilo lililokuwa zito. Tulipofika karibu na yale maduka ya chini ya kituo, gari likapunguza mwendo, likasimama. Halikukohoa wala halikutetemeka. Lilisimama tu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Na hapa, kaka, ndipo tulipofanya jambo ambalo hata sasa linanichekesha na kuniuma. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi nilishuka mlango wangu, nikaenda nyuma, nikaweka mikono. Kinyozi akatoka na taulo begani. Fundi cherehani akatoka. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua sabuni wakaweka chini vikapu vyao. Tukaligeuza likatazama mteremko, mtu akasema haya twende, tukalisukuma kwa nguvu zetu zote, nami, karani niliyekuwa nimesoma kitabu chote cha gari lile, jalada hadi jalada, nikapiga kelele, achia klachi, mzee, achia sasa. Ndani nilimwona Mzee Polepole akipapasa kwa mguu wa kushoto, akitafuta klachi ambayo haipo.

Liliteremka vizuri sana. Likasimama chini ya mteremko pale lilipotaka. Kinyozi alisikiliza kidogo, akauliza mbona hata halijaribu. Ndipo nilipokumbuka nililosoma, nikakaa chini juu ya jiwe nikacheka, na wote wakacheka, Mzee Polepole zaidi ya wote, mpaka akafuta macho. Mimi nilianza na kicheko, kaka, nikamalizia na machozi, na wale wanawake wakadhani naogopa kufukuzwa kazi.

Sikuwa nalilia kazi. Nilikuwa nimesikia sauti ya baba.

Unakumbuka asubuhi zetu na Shangazi? Baba aliliita gari lake Shangazi kwa sababu akifika kila mtu anajua kafika, na kuondoka mpaka asukumwe. Nyumba nzima iliamka kwa ajili yake. Baba alimlaza juu ya kilima cha nyuma ya gereji, pua ikitazama chini, na jiwe chini ya tairi. Wewe ulitoa jiwe. Mama alisukuma kwa bega la kulia akiwa tayari amevaa nguo za kwendea kazini, akimlalamikia baba kwamba wenzake wanaolewa wanapanda magari, yeye ameolewa ayasukume. Mimi nilikaa katikati yenu, mikono yangu ikifika kwenye namba ya gari tu, na baba alinipigia kelele kutoka ndani, sukuma, Spana Nane, bila wewe halitoki. Nilimwamini. Mpaka nilipokuwa mkubwa kiasi cha kwenda shule ya bweni, niliamini kweli kwamba bila mimi baba hafiki kazini, na wiki ya kwanza bwenini nililia nikiwaza kwamba bado mmekwama pale kilimani.

Kisha ule mshtuko Shangazi anapokamata, injini ikiwaka. Gari linakuponyoka mikononi, moshi unakufunika, baba anapiga honi mpaka kona ya mwisho, na sisi tunabaki barabarani tunatazamana, mikono myeusi, kana kwamba tumeshinda kitu. Harufu ile ya petroli kwenye shati lake jioni, mimi sijapata harufu nyingine duniani inayoniambia kwamba watu wote wako nyumbani.

Dawa zile zilifika. Nilipiga simu bohari, na gari lililokuja kutuokoa ni lile la zamani la kijani, ulilolifungua injini mwaka jana. Lilipanda mlima likilalamika njia nzima, likazichukua dawa, likafika. Mzee Polepole alilipigapiga ubavuni kama ng'ombe. Nami nikajua kwamba nimepata hoja uliyokuwa unaingoja.

Kikao kilikuwa siku mbili baadaye. Nilikuwa nimekunywa maji mengi kuliko busara. Nilieleza yote, sikuficha kitu: foleni, jenereta, mlinzi, mlima, hata kusukuma. Walicheka mpaka mhasibu akavua miwani. Bosi akasema basi, hadithi imejieleza yenyewe, akaanza kukusanya karatasi zake. Kaka, ningenyamaza pale, lingekwisha. Magari yangebaki, gereji ingebaki na kazi yake, na mimi ningekupigia simu jioni ile ile tukacheka pamoja.

Lakini kuna jambo nilikuwa sijalisema, wala kwenu sikuwahi kulitaja. Pale tunapopakia magari, ndani ya lile banda lenye mlango mmoja, wapakiaji hufunga vitambaa puani kila asubuhi kwa sababu injini huachwa zikiwaka. Kwa muda wote lile gari la umeme lilipokuwa la kwanza kupakiwa, hawakuvifunga mpaka liondoke. Nilisikia mmoja wao akiimba. Siku iliyofuata ile ya mlimani, tulipolirudisha la kijani kwenye zamu yake, walivifunga tena, na yule mama mnene anayehesabu maboksi alikohoa. Alikohoa vile vile alivyokuwa akikohoa baba, na sisi tukikiita kikohozi cha asubuhi, kana kwamba ni sehemu ya kuamka.

Nikanyoosha mkono. Nilisema kwa mlima ule bado, mpaka umeme wa huku utulie tubaki na gari moja la petroli. Lakini kwa mjini, ambako ndiko kwenye karibu kazi yetu yote, nilisema gari la umeme linafaa, na kwamba kilichotukwamisha mlimani hakituhusu sokoni wala hospitali kuu. Bosi aliniuliza kama nina hakika. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nikasema ninayo.

Wamekubali, kaka. Yale mengine yatauzwa kadiri mapya yanavyokuja, na utabaki na lile la kijani peke yake. Bosi atakuandikia rasmi, lakini sikutaka ulisome kwake kwanza, wala usikie kwamba ni wasomi fulani wa mjini. Ni mimi. Nilimuuliza kama unaweza kupewa kazi ya breki na matairi na springi za haya mapya, maana barabara zetu hazichagui gari la kuvunja. Alisema ataangalia. Sikumwahidi chochote kwa niaba yako, najua hupendi.

Sijui utaisoma sentensi hii ukiwa umekaa au umesimama. Ukiwa umekasirika, kasirika, ila usimwambie mama kwamba nimewasahau. Siku nzima ile nilichotaka kukitetea hakikuwa petroli. Zilikuwa ni asubuhi zile, na nikaona siwezi kuwaomba wale wapakiaji wafunge vitambaa kwa ajili ya kumbukumbu zangu.

Nasikia kuna mtu anamtaka Shangazi kwa ajili ya chuma chakavu. Tafadhali usimtoe bado. Likizo yangu inakaribia. Nimesukuma miaka yote ya utoto wangu na sijawahi hata siku moja kukaa ndani anapokamata, kwa sababu nilikuwa mdogo mno, na nilipokua wewe ndiye uliyerithi usukani. Nikija, kama bado utakuwa unanisemesha, tumpandishe kilimani, tumwekee jiwe. Mama akae kitini alalamike. Wewe usukume peke yako, nami nikae ndani, na uniambie kwa sauti wakati wa kuachia klachi.

Msalimie wifi, wabusu watoto, mkande mama mguu kwa niaba yangu. Nangoja neno lako, hata likiwa kali.

Ni mimi mdogo wako,
Spana Nane