Pikipiki Ile Ile ya Theluji, Rangi Ile Ile

Mama Twila,

Naomba uniazime sikio, na jina langu ulifiche, ingawa bonde letu ni dogo na ukisoma mistari mitatu utakuwa umeshanijua, pengine hata umewahi kula keki yangu kwenye mazishi ya mtu, lakini gazeti ni lako na aibu ni yangu, basi tusitiriane. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee, nimeolewa na mwanamume mmoja tu maisha yangu yote, nimwite Rulon, tunafuga ng'ombe wa maziwa, watoto wameshahama, na shida iliyonifanya nikae na kalamu leo, usinicheke, ni pikipiki ya theluji.

Sisemi zile wanazokodishwa watalii, zinazofuatana barabarani mkia kwa mkia. Nasema ya mlimani, yenye mkanda mrefu nyuma na ski mbili mbele, inayopita kwenye theluji ya unga inayomfika mtu kifuani. Rulon na mimi tulikuwa tunanunua mbili kwa pamoja, mwaka mmoja, aina moja, mkanda wa urefu mmoja, ili tukiharibikiwa huko juu spea za mmoja zimfae mwenzake, na tofauti ilikuwa rangi tu, yake nyeusi na yangu njano ya limau, ambayo sikuichagua mimi, aliichagua yeye, akasema anataka kuniona hata nikiwa ng'ambo ya bonde.

Mama Twila, hizo Jumamosi sijui nikueleze vipi. Alikuwa anatangulia yeye, anaingia kwenye misonobari, anailaza mashine ubavu mmoja na kukata mteremko kwa upande kana kwamba hana uzito, na mimi nafuata alama yake, na theluji inanirukia usoni, na sisikii kitu ila injini mbili. Tukisimama tunafungua boneti na kutoa burito zetu, mikate myembamba iliyokunjiwa nyama na maharage, tulizozifunga kwenye karatasi ya foili na kuzilaza juu ya ekzosi tangu tulipoondoka, zimepata moto mpaka zinaunguza vidole, tunavua helmeti, mvuke unamtoka kichwani, na hatuongei la maana lolote. Ataniuliza, "Unasikia baridi?" Nitasema, "Kidogo." Atasema, "Kula basi." Hayo tu. Nayakumbuka hayo maneno kuliko ya harusi yetu, na nayatamani mpaka nasikia njaa.

Sasa nikwambie la majira ya baridi ya mwaka juzi. Kila vuli Rulon alikuwa anafundisha darasa la usalama wa mlimani pale kwenye ukumbi wa zimamoto, na sheria aliyokuwa anaipigia kelele kuliko zote ni kwamba mtu akikwama kwenye mteremko mwache ajinasue mwenyewe, usimfuate, kwa sababu uzito wa mashine mbili ndio unaoikata theluji ya mteremko ikaporomoka na kuwafukia wote. Alikuwa anasema, "Mkeo akikwama, mpungie mkono, kaa chini kule, kula burito yako na yake." Watu wanacheka, mimi nacheka nao, nimekaa kiti cha mbele.

Siku hiyo nilikwama mimi. Nusu ya mlima, mkanda umechimba shimo, mashine imezama mpaka kwenye usukani. Nikatoa koleo nikaanza kuchimba, sikuwa na wasiwasi, nimekwama mara nyingi. Nikatazama chini nimpungie, na nikaona helmeti yake nyekundu inapanda. Inakuja kwangu. Nikamwonyesha kwa mikono arudi, hakurudi. Theluji ya mteremko ikakatika pale alipopita yeye, nikauona ufa unakimbia mpaka hatua chache kutoka kwenye ski zangu ukaishia hapo, na theluji yote iliyokuwa chini ya ufa ikaporomoka naye. Nilishuka, nikamtafuta kwa kile kifaa tunachovaa kifuani kinachotoa mlio, nikachimba, nikamtoa. Alikuwa amegeuka bluu. Alivuta pumzi mikono yangu ikiwa imeshakufa ganzi kwa kuchimba, sikumbuki hata nililia au vipi. Alivunjika mfupa wa bega, akapona.

Tangu hapo hajapanda tena. Mashine yake alimuuzia mtu wa Idaho, darasa la vuli aliliacha, wakamtafuta mwingine. Hajawahi kunikataza. Hajawahi kuisema siku ile, na mimi sijaisema, maana nilidhani ndivyo anavyotaka.

Lakini mimi, Mama Twila, nilishindwa kukaa. Majira ya baridi haya nimekuwa napanda na vijana wawili, Kolby na mkewe Shalece, Kolby anapita Ijumaa na trela anaichukua mashine yangu Rulon akiwa zizini, na Jumamosi namwambia mume wangu kwamba nakwenda kushona mablanketi na akina mama wa kanisa. Nimesema uongo huo msimu mzima na haukunipa shida kama nilivyotarajia. Hata mafuta ni maajabu, kila nikiiwasha nakuta tangi limejaa, nadhani ni Kolby ananijazia, ni kijana mwema ingawa domo limemzidi. Wananisubiri, wananichekesha, wanapanda vizuri sana. Lakini nikiingia kwenye misonobari ile macho yangu yanatafuta mashine nyeusi mbele yangu, na haipo, na narudi nyumbani nimechoka bila kushiba.

Jumamosi iliyopita Orrin, muuza mashine, alifanya siku yake ya oda. Unamjua, kila theluji ya mjini ikianza kuyeyuka anachoma nyama nje ya duka na kupokea oda za mashine za msimu ujao ambazo hata hazijaundwa, na mwezi ukiisha kiwanda kinafunga oda, uliyechelewa utaambulia masalia. Rulon alikuja nami kwa ajili ya nyama, ndivyo alivyosema. Basi Orrin akawa anapita na kijiko chake cha kugeuzia nyama, anamnyooshea kila mwenye mashine kama yangu na kumuuliza mbele ya watu, "Ungenunua ile ile tena?"

Kolby akasema, "Mimi? Hata nikipewa bure na soseji juu. Nimebadilisha mkanda wa injini mpaka mke wangu anadhani ndiyo kazi yangu."

"Muongo huyu," Shalece akasema. "Anaiendesha kama ameiiba, halafu analaumu mkanda."

Mzee mmoja akasema yeye angenunua ile ile ila wamrudishie kiti cha zamani, hiki cha sasa kinamkumbusha benchi la kanisani. Watu wakacheka. Orrin akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama wa njano?"

"Ile ile," nikasema. "Urefu ule ule, rangi ile ile, na kama ungekuwa nayo leo ningeondoka nayo."

"Mmemsikia?" Orrin akasema. "Huyu ndiye mteja. Nyie wengine mmekuja kula."

Wakapiga makofi, na mimi, Mama Twila, nilifurahi, nilisimama pale nacheka kama msichana, nikageuka kumtafuta Rulon, nikaona sahani yake juu ya pipa, nyama haijaguswa, na yeye ameshaingia kwenye gari. Tulipokuwa njiani alisema neno moja tu.

"Rangi ile ile?"

"Kwani rangi ina nini?"

"Hamna kitu."

Tangu siku hiyo anajibu akiulizwa, anakula akipewa, basi. Orrin ananisubiri, mwezi unaisha. Nikiagiza naona kama namwacha mume wangu hai nyumbani na kwenda zangu. Nisipoagiza, naijua roho yangu, nitamchukia polepole jikoni, na yeye hana kosa. Nimewaza hata kuiuza na hii niliyo nayo, nisahau mlima, nishone hayo mablanketi kwa kweli. Ninachotaka ni yeye mbele yangu kwenye miti ile, na hicho Orrin hauzi. Niambie nifanye nini.

Wako,
Mwenye Njano, Bonde la Juu


MAMA TWILA ANAJIBU

Mwenye Njano,

Keki yako naijua, ilizidi sukari, na siri yako ninayo. Sasa kaa chini nikuseme.

Kwanza, achana na uongo wa mablanketi leo hii, kwa sababu hakuna anayedanganywa isipokuwa wewe. Mwanamke anayeshona ndani ya ukumbi wa kanisa harudi nyumbani Jumamosi jioni uso umeungua na jua na macho yamebaki na duara jeupe la miwani ya theluji. Mumeo ni mfugaji. Ng'ombe wake mmoja akichechemea anajua kabla ya kuvaa viatu. Kitu kirefu kuliko ng'ombe kinatolewa bandani kila Ijumaa na trela la Kolby, na wewe unaamini hajaona?

Ameona. Na hapa nimekasirika nawe kidogo, maana umeniandikia jambo kubwa kuliko yote katika barua yako, kisha ukalipita mbio. Tangi linajazwa. Umempa sifa Kolby, kijana ambaye kwa maneno yako mwenyewe angekuwa amekutangazia mjini kote kila lita aliyokutilia. Mama, mafuta anakutilia Rulon. Mtu anayedanganywa usoni kwa msimu mzima, anatoka kwenye baridi kwenda bandani kuhakikisha anayemdanganya hataishiwa mafuta mlimani. Hukuolewa na mtu aliyekuacha. Usithubutu kuniandikia tena kana kwamba umeachwa.

Sasa hiyo rangi. Orrin alikuuliza habari za mashine, ukamjibu habari za mashine, na jibu lako ni zuri, mashine haina kosa. Lakini Rulon alikuchagulia njano ili akuone kutoka mbali, na siku ile aliiona vizuri mno, imezama katikati ya mteremko na wewe kando yake na koleo. Ukasimama mbele ya watu ukacheka, ukasema unaitaka tena vile vile. Wewe ulikuwa unakumbuka Jumamosi zote nzuri. Yeye alikuwa anakumbuka hiyo moja.

Na usinambie anaogopa theluji. Mwoga angekukataza, angeficha funguo, angekununia tangu Desemba. Ninavyomsoma mimi, yule mtu ana aibu. Sheria aliyoifundisha bonde zima kwa miaka, aliivunja mbele ya mtu mmoja tu, mwanafunzi wake wa kiti cha mbele, na mwanafunzi huyo mpaka leo hajasema neno. Wewe unadhani unamheshimu kwa kunyamaza. Yeye, ukinyamaza, anasikia hukumu. Mnakaa meza moja mnapitishiana chumvi na mlima mzima uko katikati yenu.

Kwa hiyo utafanya hivi. Jumapili baada ya kukamua, mfuate bandani, si jikoni, jikoni atapata kisingizio cha kuosha vyombo. Mwambie ulikuwa unapanda na Kolby na Shalece, na umshukuru kwa mafuta. Mwache aone aibu kidogo ya kukamatwa akikutendea mema, itamsaidia. Usimwombe arudi mlimani. Hiyo ni haki yake, na huenda asirudi tena, na hilo utalilia, nami sikudanganyi kwamba kuna dawa. Mtu anaweza kuwa hai mezani kwako na bado ukamkosa mahali fulani. Lia, lakini lia yeye akijua unalilia nini, maana sasa hivi anadhani unalilia pikipiki.

Kisha Jumatatu nenda kwa Orrin ukaagize. Aina ile ile, urefu ule ule, umeipenda na unaijua, na mwanamke wa umri wako asianze kujifunza mashine mpya ili kumridhisha mtu ambaye hata hajamwomba. Lakini rangi achague Rulon. Mpeleke dukani, mwache asimame mbele ya vibao vya rangi hata kutwa nzima, na Orrin akifungua mdomo mkanyage mguu. Na kuanzia msimu ujao, mwambie kila Jumamosi unakwenda mlima gani, na nani, unarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo. Kolby akitaka kupanda mara moja zaidi, apande na mkewe.

Bado kuna neno moja, na bila hilo yote niliyoandika ni kelele. Umesema ulipotazama chini ulimwona anapanda, ukamwonyesha arudi. Nakuamini. Lakini miye nimekaa miaka mingi nasoma barua za wake za watu, na najua kuna kitu kilipita moyoni mwako kabla mikono haijanyanyuka. Kimwambie. Kamata mkono wake wa upande ule uliovunjika bega, na umwambie kwa sauti, maana yeye hawezi kukisia, "Rulon, ulikosea kupanda, na nilipokuona unakuja, nilifurahi."