Midomo Mipya Ndani ya Eda

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimedungwa. Basi, nimeshaliandika, limekuwa kweli.

Swabir ametoka alfajiri na watalii wake, siku nne Tsavo. Nami nikapanda tuktuk hadi Diani, kwa Daktari Kache. Nilidhani ataniuliza nataka midomo ya nani. Kumbe aliuliza kama nina mimba, kama nimemeza aspirini wiki hii, kama hutokwa na vidonda vya homa mdomoni. Boksi la fila, dawa ya kujaza midomo, akalifungua mbele yangu, nikaisoma tarehe mwenyewe. Akasema aina hii huyeyushwa kwa sindano nyingine ikibidi. Silikoni ya saluni haiyeyuki — nisithubutu. Nusu mililita tu. Itakaa miezi sita, pengine mwaka.

Nilipakwa ganzi na bado machozi yalinitoka. Nisiikande, nisilale kifudifudi. Uvimbe siku mbili tatu. Nikiona mdomo unageuka mweupe, au maumivu yanazidi, nisingoje kesho, nimpigie palepale.

Swabir anarudi Alhamisi jioni. Nitakuwa tayari. Shuleni waliniita Chuchunge, yule samaki, kwa wembamba wa midomo hii. Swabir hajanicheka hata siku moja. Lakini hajanisifu pia, na mwaka huu ni wa sita wa ndoa yetu. Nataka tu akiingia mlangoni anitazame mara mbili.

Jumanne, 5 Agosti

Ya Rabi, uso gani huu! Kama nimeumwa na nyuki. Chai nainywa kwa kijiko. Weupe hakuna, nimemulika kwa tochi ya simu. Mavyaa wangu Bi Hafsa, mamake Swabir, anaishi ua huu huu, kwa hiyo nimevaa nikabu hata kuanika nguo.

Swabir kapiga simu ya video. Nikakata. Nikamwandikia bando limeisha.

Jumatano, 6 Agosti

Umeshuka! Kushoto kumezidi kidogo, lakini nimependeza, wallahi. Nimejitazama kwenye kioo mpaka mchuzi ukaungua.

Kapiga tena, video. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikaona aah, kesho si mbali. Nikapiga ya sauti, nikamwambia mtandao unasumbua. Akasema kuna simba jike na watoto watatu, alitaka nimwone. Akasema basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Swabir amefariki. Gari, karibu na Voi.

Jumatatu, 11 Agosti

Alizikwa Ijumaa. Matanga yamekwisha. Mama amerudi kwetu Mkwiro leo asubuhi, baba hawezi kuachwa peke yake.

Sasa ni mimi na chumba. Eda, miezi minne na siku kumi. Si wanja, si hina, si manukato, wala kutoka ila kwa dharura. Nami nimeingia na pambo lisilotoka kwa maji.

Siku za kwanza walidhani ni kilio. Sasa nyuso za wote zimerudi, wangu umebaki. Jana nilimsikia wifi yangu Chiku jikoni, akimwambia jirani: mume yuko safarini, mke anajipamba, anajipamba kwa ajili ya nani? Jirani akaendelea kukuna nazi.

Jibu ninalo. Sina wa kumpa. Wakishaamini kulikuwa na mtu, sitakuwa mjane wa Swabir tena hapa Tiwi. Nitakuwa yule mwanamke.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo hakuna aliyeingia ila sahani. Nilipoanza kusoma Yasini nilishtuka kwa sauti yangu, nilikuwa sijasema neno tangu asubuhi.

Namkosa.

Jumamosi, 16 Agosti

Daktari Kache amepiga. Jumatatu ni siku yangu ya kuangaliwa. Nikamweleza. Akanipa pole vizuri, polepole. Kuyeyusha anaweza. Atajaribu kwanza dawa mkononi, maana wengine huwadhuru. Akanisihi nisiamue kwa kuogopa watu.

Nikiiyeyusha watasema nimeficha ushahidi. Nikiiacha, kila anayeleta sahani anauona ushahidi.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikwenda.

Kabla ya Adhuhuri Bi Hafsa aliingia, akaketi kitandani upande wa Swabir. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akanitazama mdomo waziwazi. Wengine wote huutazama wakidhani sioni.

"Twaiba mwanangu, nitakuuliza mara moja tu, na utakalonambia nitalichukua. Swabir alikuwa anajua?"

Nikasema alijua. Nikasema alipiga video Jumatano, aliniona. Ulimi ulitangulia.

Nilidhani atainuka akamnyamazishe Chiku. Hakuinuka. Alinishika mikono yote miwili. Uso wake sijauona vile tangu mazishi, umefunguka kabisa.

"Alisemaje? Nieleze neno kwa neno, mwanangu. Mimi mara ya mwisho kusema naye ni Jumapili."

Adhana ikaniokoa. Amekwenda kuswali. Amesema atarudi na Chiku, naye asikie maneno ya kakake.

Mimi sijaswali bado. Natunga. Alisema umependeza — hapana, Swabir hasemi hivyo, mamake atajua. Alicheka — alichekaje? Alisema — nimeandika na kukata mara tatu. Yale ya simba ni kweli, nitaanza na simba. Lakini watataka alichosema juu yangu, na hapo sina kitu.

Nasikia kandambili uani. Jozi mbili.