Esi ya Posta

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi, miguu inawaka moto, na sijali! Ni binti yangu aliyeniandikisha kwenye matembezi haya. Ati wiki tatu tangu nitolewe mtoto wa jicho sijaona kitu ila cherehani na ukuta, niende nikauone mji. Nikamcheka. Mji gani nisioujua? Miaka thelathini nanunua uzi na vifungo katikati ya mji.

Kumbe nilikuwa naujua kuanzia magotini kushuka chini. Madimbwi, ngazi, viatu vya watu. Leo saa mbili asubuhi tulikuwa tisa. Mwongozaji — msichana mwembamba, sauti ya kuuzia mnadani — akasema: "Inueni macho." Mungu wangu! Juu ya duka ninaponunua vifungo kuna roshani ya chuma iliyosukwa kama lesi. Juu ya benki ya zamani, nyuso kumi na mbili za mawe, hakuna mbili zinazofanana, na moja iko karibu kupiga chafya. Nilibaki mdomo wazi mpaka mzee mmoja wa kundi letu akaniuliza kama naumwa. Siumwi, baba. Naona!

Halafu Posta. Herufi tano za lipu juu ya mlango, kila moja kubwa kama cherehani na meza yake. P, O, S, T, A. Napeleka barua mle tangu usichana. Mwongozaji akauliza nani anaona kasoro. Mimi nikaropoka: "Hiyo esi imekatwa kitambaa kikiwa ndani nje!" Wakacheka, lakini ndivyo. Imeangalia nyuma, kama ya kwenye kioo. Mwongozaji anasema aliyeitengeneza hajulikani, wengine wanadai alifanya makusudi, ufundi wa kisanii. Jukwaa la mafundi la kupandia limeshasimamishwa. Jumamosi ijayo inavunjwa, inawekwa iliyo sawa.

Marehemu Baba alikuwa fundi lipu. Na hakuwahi kutupitisha barabara ile. Hata siku moja! Tulizungushwa nyuma, kwenye majalala, ati mbele kuna jua kali.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mama. Alikuwa anachambua mchele. Nilipotaja esi ya Posta mkono ukasimama kwenye ungo.

"Nani kakwambia?"

Basi ni yeye. Ni Baba! Mama kanieleza yote bila kuinua uso. Baba hakujua kusoma. Alipewa herufi kwenye karatasi, azichonge ndani ya kalibu, kisha amimine lipu. Kinachochongwa kwenye kalibu lazima kiwe kinyume ndipo kitoke sawa, hilo alilijua. P aliigeuza vizuri. O, T na A hazina kulia wala kushoto. Esi nayo akaigeuza karatasi juu chini, akaiona ni ileile, akasema hii pia haina. Akaichonga vilevile.

Siku ya kuipandisha, msimamizi akapiga kelele kutoka chini: "Geuza!" Baba akaigeuza, kichwa chini. Ileile. "Geuza!" Akaigeuza tena. Barabara nzima inacheka. Uzinduzi ulikuwa kesho yake, ikaachwa hivyo.

Mzee Geuza! Maisha yangu yote nilidhani walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa hapiti godoro wala kiti bila kukigeuza.

Nimekumbuka wiki yangu ya kwanza ya kujifunza kushona. Nilikata shati lenye mikono miwili ya kushoto, nyumba nzima ikavunjika mbavu. Baba hakucheka. Alilichukua akalivaa wiki nzima, kwapa linamkaba. Leo nimelia kwa ajili ya shati lile.

Nikasema tuwazuie wasivunje, ndiyo kazi yake pekee iliyobaki. Mama hataki kusikia. Anasema Baba alikufa akiomba ivunjwe, yeye ni nani amrudishie aibu?

Jumanne, 11 Machi

Nimeshona kola ya mteja kinyume. Nimefumua. Akili haipo.

Nimempigia mwongozaji. Anasema familia ikitamka neno, meneja wa Posta atasikiliza. Lakini neno ni la Mama. Nikampigia, nikamwomba aje aone tu. Akanikatia simu! Baada ya dakika kumi akapiga mwenyewe: kule kuna pa kukaa?

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapahapa, kwenye ngazi zinazotazamana na Posta. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini. Mama yuko kando yangu kwenye kiti cha muuza vifungo.

Hajawahi kuiona! Miaka hamsini! Baba alimwambia ni kitu kidogo, kama sahani. Aliposhuka kwenye teksi akainua macho, akashika kifua. "Kubwa hivi? Na alipanda mpaka kule?" Kisha akaanza kuhesabu nyufa. Hakuna hata moja. Mvua zote hizo, na kingo bado kali.

Mwongozaji ameliambia kundi la leo fundi alikuwa mume wa nani. Watu wote wanatazama juu. Meneja amekuja kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Tuivunje au tuiache?"

Mama anajitengeneza khanga kwanza.

Huko juu jukwaani fundi wa leo ameifunua esi mpya, ailinganishe na ya zamani kabla ya kugusa nyundo — haiwezekani. Nayo imeangalia nyuma! Mwongozaji ameniambia fundi alipiga kalibu yake juu ya esi ileile ya Baba, ili mpya ienee vizuri. Fundi aliyesoma, mwenye kofia ya chuma! Meneja ameshika kichwa. Anapiga kelele: "Geuza!"

Fundi ameigeuza, kichwa chini. Ileile.

"Geuza bwana!"

Mama ameniminya vidole mpaka vinauma. Anacheka, khanga mdomoni, machozi yanamtiririka. Meneja amerudi kwetu, anasubiri jibu. Mama amemwinulia kidole, macho bado juu.

"Ngoja kwanza, mwanangu," anamwambia. "Ataigeuza tena."