Kilo Moja ya Chokaa

Jumatano, kambini

Bado sielewi kosa langu liko wapi. Swali lilitaka joto la kupasha kilo mbili za mafuta kutoka nyuzi thelathini hadi themanini. Mimi nikaandika kilo tatu. Mwalimu akaniuliza mbele ya darasa, "Na hii kilo moja umeitoa wapi?"

Nikasema ni chokaa. Wakacheka, hata yule asiyejua kugawanya. Kwetu kisiwani Koyama mafuta hupashwa ili yawe deheni ya kupaka chombo cha baharini kisivuje, na hakuna deheni bila chokaa.

Nimeifuta. Kilo mbili, mara elfu mbili, kipimo cha joto cha mafuta, mara nyuzi hamsini: jouli laki mbili. Sawa. Lakini kichwa hakijatulia, maana chungu cha baba kilikuwa motoni bunduki zilipoanza kulia. Alitupandisha mashuani, akarudi pwani, hatukumwona tena. Miaka yote nimedhani alifuata karatasi za chombo.

Jioni nikamuuliza mama nani alikiepua kile chungu.

Aliendelea kuchambua maharage. "Si ndicho alichokirudia pwani," akasema. "Alisema deheni itaungua."