Kituo cha Nne, Tarehe Kumi na Mbili

14 Mei. Asubuhi ukungu ziwani, hakuna upepo.

Kasia mdogo wangu,
U mzima? Mgongo vipi, na kubeba mtumbwi huko kutoka ziwa hadi ziwa? Mimi kikohozi tu. Kitabu chako cha doria kimefika na boti ya mafuta. Kisafi mno: siku kumi majini, hakina hata doa la tope! Mkuu wa hifadhi anakuja tarehe 20 kukikagua, na lazima nikisaini kwanza. Niambie, usiku wa tarehe 12 ulilala wapi?
Dada yako

17 Mei

Shikamoo dada,
Mgongo upo, unalalamika kama wewe. Siku hizi usafi nao ni kosa? Nilikifunga kwenye nailoni. Tarehe 12 nililala kituo cha nne, penye jiwe la mpaka. Nikachemsha chai, vyura wakaninyima usingizi. Saini bwana, tupumzike.
Kasia wako

18 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, upepo unatoka ng'ambo.

Kasia,
Leo afya sikuulizi. Tarehe 12 mimi na fundi tulikuwa kituo cha nne, tukipaka rangi jiwe hilohilo. Injini iligoma, tukalala palepale. Hukuwepo. Asubuhi tuliona nyasi zimelala, alama za mitumbwi mitatu iliyoburutwa kutoka ng'ambo ya mpaka kuingia kwetu. Nani alikuambia usiwepo? Kazini nilikudhamini mimi. Ukianguka, tumeanguka wote. Njoo kabla ya tarehe 20, umwambie mkuu kwa mdomo wako.
Dada

19 Mei

Dada, nakuomba. Wenye mitumbwi walisema hawawindi, wanapita tu, nisiwepo usiku ule. Walichobeba sikijui, sikuuliza. Tarehe 22 watarudi njia ileile, ndiyo mwisho. Saini mara hii tu. Mama asijue.
Mdogo wako

20 Mei. Asubuhi jua kali, ziwa shwari.

Kasia,
Nilikungoja gatini hadi saa nane mchana. Boti iliyokuja ilikuwa ya mkuu. Akafunua kitabu: "Mama, mbona hujasaini?" Nikamweleza yote, na hiyo tarehe 22. Askari wanakwenda kituo cha nne. Wewe usiende. Barua hii inaondoka na boti ya kesho asubuhi. Ukiisoma, panda boti hiyohiyo uje kwangu. Ukivuka kwenda ng'ambo, sitakuwa na la kukutetea.
Dada yako

Nyongeza, 21 Mei: usingizi ulinipata saa tisa usiku, nikiwaza kama utapanda boti.