Panga la Babu Mpe Mama

Husby, Stockholm

Mdogo wangu Njoroge,

Uko salama? Na mama, goti limetulia? Mimi mzima, ila baridi imenichosha, na mgongo unaniuma kwa kuinua wazee wa watu kutwa nzima kule kazini Vällingby.

Sasa sikiliza. Hapa maktabani tuna kikundi cha kusoma. Kila mtu husoma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha husema lake bila kukatizwa. Kiongozi wetu ni Ingrid, mama mzaliwa wa Korea aliyelelewa na Waswidi tangu mchanga. Wiki hii alileta hadithi ya Wakorea walipotawaliwa na Wajapani. Mkulima amenyang'anywa shamba la mpunga, na aliyemchongea ni jirani, Mkorea mwenzake. Zamu yangu ikaangukia pale mkulima anapomvamia jirani yule kwa mundu, jirani akila wali. Anampasua kichwa, damu inajaa kwenye chungu cha wali, na bado anakata.

Nilisoma kwa raha, sikufichi. Nilikuwa namwona yule homgadi, mwenzetu aliyeshika bunduki kumlinda Mzungu, aliyemvunja babu vidole kwa kitako cha bunduki, kimoja kimoja, kisha akazawadiwa shamba letu. Nilipomaliza nikapiga makofi kama tuko kanisani. Waswidi wakatazama kahawa yao. Nikawaambia hiyo ndiyo haki, taifa lisilowakata wasaliti wake si taifa, na kwamba hata mdogo wangu amenoa panga la babu.

Ingrid hakunikemea. Alisoma ukurasa uliofuata. Mkulima ananyongwa, na anayemfunga kamba ni askari Mkorea. Mjapani anachukua mashamba yote mawili. Kisha Ingrid akaniuliza, "Huyo mdogo wako ana miaka mingapi?"

Nikajibu ishirini na miwili, nikalia mbele za watu.

Kwa maana ni mimi, Njoroge. Mlipomzika baba ni mimi niliyekuambia kwenye simu kwamba kama wewe ni mwanaume utammaliza mjukuu wa homgadi anayelikalia shamba letu sasa. Nikakata simu nikaenda kazini. Kamba ingekuwa yako.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Shamba ni letu, tutalidai mahakamani hata tuzeeke. Lakini maneno yale nayarudisha. Panga la babu mpe mama, apasulie kuni.

Nisalimie shangazi wa mboga na mjomba fundi baiskeli. Yule mjukuu simsalimii. Mkikutana mpakani, mpite tu.

Dada yako anayekutaka hai,
Wanjiru