Wavu wa Daraja na Heshima ya Mwenyekiti

Mpendwa mshauri Wavinya,

Naomba msaada wako kabla sijachukua hatua ambayo mtaa mzima utaijutia, yaani kujiuzulu uenyekiti wa chama cha wakazi hapa kwetu upande wa Mowlem, cheo nilichokitumikia kwa uaminifu bila kupewa hata soda ya shukrani.

Mambo ni haya. Tuna daraja la wapita njia linalovuka barabara kubwa, daraja zuri, lina upepo, vijana hupigia picha pale na maharusi husimama wakitoka kanisani, na mwaka jana kulitokea msiba pale ambao sitaki kuurudia, basi wakubwa wakaamua daraja lizungushiwe wavu wa chuma mrefu kuliko mtu, mafundi wakaleta vyuma, na mimi kwa niaba ya wakazi nikaisimamisha kazi ile mpaka tushauriane, kwa sababu nani anataka kupita ndani ya tundu la kuku? Isitoshe, sikio la kufa halisikii dawa, mtu aliyeamua ameamua, ukiziba hapa atakwenda kwingine, sasa kwa nini sisi wenye akili timamu tuadhibiwe?

Nikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Otiende, anayetengeneza simu pale chini ya ngazi, alisema, "Buda, hiyo waya itatuharibia mapicha kabisa," watu wakacheka wakapiga makofi. Halimo wa duka la vitambaa ndiye pekee aliyenipinga, akaniuliza, "Mwenyekiti, kati ya picha na mtu, kipi kikipotea unapata kingine?" Nikamwambia aketi.

Ndipo akasimama mdogo wangu, tumbo moja, tumwite Kivuva, mchongaji wa vinyago niliyempa chumba nyuma ya nyumba yangu, mtu ambaye tangu mkewe Kanyiva afariki hajafungua mdomo mkutanoni wala nyumbani wala mezani, kwa kuwa mezani haji, na nimemweleza mara nyingi kwamba mwanaume hulia siku ya mazishi kisha hurudi kazini. Akavua kofia. Akasema mbele ya watu wote, "Wekeni huo wavu haraka. Tafadhali." Akaketi. Mimi nikabaki na hotuba yangu mkononi, na kura ikaahirishwa. Damu yangu mwenyewe, mshauri!

Na si mtu mbaya, ndiyo maana naumia. Siku hizi amebadilika, nadhani ameokoka. Amewagawia wachongaji wenzake tezo na patasi zake zote, hata ile tezo aliyoachiwa na marehemu baba yetu, ambayo hakuwahi kumruhusu mtu hata kuishika, na kanisani tulimpigia makofi kwa ukarimu huo. Amewazungukia wote aliowahi kukosana nao akawaomba msamaha. Jioni hutembea mpaka daraja lile lile akapunga upepo, husimama pale mpaka Halimo afunge duka na kumwambia, "Kivuva, haya, twende nyumbani." Mtu anayelipenda daraja kiasi hicho, kwa nini alitakie wavu?

Nilitaka kumfukuza chumbani, mke wangu amekataa. Nimpe adhabu gani itakayomfunza adabu bila kuvunja undugu? Nambari yangu ya simu iko hapo chini.

Wako,
Mwenyekiti Aliyedhalilishwa

*

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pole sana. Hotuba ilikuwa tayari, ukumbi umejaa, makofi yamepigwa, halafu mtu anavua kofia na kuharibu kila kitu kwa tafadhali. Sijui nchi itapona vipi. Kama ingekuwa juu yangu, daraja hilo lingepewa jina lako na bendera zingepeperushwa nusu mlingoti mpaka kura irudiwe.

Basi, heshima yako tumeizika kwa taadhima zote. Sasa tuzungumze kuhusu ndugu yako, ambaye umemtafutia nafasi kidogo baada ya kuwalilia maharusi na picha zao.

Mtu amefiwa na mke. Haongei. Chakula hagusi. Amegawa zana za kazi yake, hata tezo ya baba yenu. Amekwenda nyumba kwa nyumba akiwaaga watu, ninyi mkasikia wokovu. Kanisa zima likapiga makofi, bado kumtunukia kombe tu. Kisha mtu huyo anasimama hadharani na kuomba azuiwe, na wewe unanitafuta mimi nikuchagulie adhabu! Mwenyekiti, Kivuva hakuwa akikupinga. Alikuwa akiomba msaada kwa njia aliyoweza, na moyo unaniuma kwamba aliuomba kwenye mkutano ulioongozwa na wewe.

Na hiyo methali uiache mahali ulipoikuta. Sikio la kufa ni la mkaidi anayeonywa akakataa. Ndugu yako hakukataa dawa, aliiomba, na aliyewasimamisha mafundi ni wewe. Hilo la "atakwenda kwingine" nalo lilikutoka kirahisi kwa sababu hukujua unamsema nani. Wengi wanaozuiwa katika saa ile mbaya hawaendi kwingine. Saa hupita, msaada hupatikana, mtu huzeeka akilalamikia bei ya unga kama sisi wengine. Wavu haumtibu mtu, nakubali. Unampa nafasi ya kufika kwa wanaotibu.

Barua yako iliponifikia sikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia simu, ukaniambia uko kwenye kikao cha kamati, nipige baadaye. Niliyokujibu hayachapishiki na sitayaombea radhi. Lakini ulikwenda, na hapo nakusifu, maana kusikia kwako ni kwa shida ila ukisukumwa unatembea. Uligonga mlango wa nyuma ukauliza swali nililokuagiza, kwa neno lake lenyewe: "Kivuva, unafikiria kujiua?" Ulihofia kwamba ukilitaja utampandikizia wazo. Hukumpandikizia kitu. Alilia, akakushika mkono, akakuambia, "Nilidhani ni Halimo peke yake aliyeona." Ulinisimulia hayo kwa sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti, na ni hapo nilipoanza kukupenda kidogo.

Kivuva mwenyewe ameruhusu haya yachapishwe, na majina ya wote tumeyabadilisha. Sasa fanya ninavyokuambia.

Kwa sasa asilale peke yake. Chumba cha nyuma kifungwe, alale kwenu ndani, na kama hakuna nafasi, sogeza hayo makabati ya chama. Nenda naye hospitali, kwenye kliniki ya afya ya akili, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe, wewe mwenyewe, si mkeo, na urudi naye kila atakapotakiwa kurudi. Mchungaji akitaka kuomba, karibu, aombe, ila maombi yasichukue nafasi ya daktari. Saa ikiwa mbaya usisubiri kliniki wala mimi, mpeleke hospitali hapo hapo, au piga simu ya bure ya ushauri ambayo huchapishwa chini ya safu hii, pale unapopitisha macho haraka ukitafuta matokeo ya mpira. Na ule mpango wako wa kulia siku ya mazishi kisha kurudi kazini, ukunje uuweke pamoja na hotuba. Mtu hamlilii mkewe kwa ratiba ya kamati.

Zana zake usizirudishe nyumbani sasa. Pitia kwa wachongaji wenzake, waambie wamtunzie, wasiuze hata patasi. Siku atakayouliza mwenyewe tezo ya baba iko wapi, utafurahi kuliko siku uliyochaguliwa.

Halimo ulimwambia aketi. Nenda dukani kwake, uketi wewe, umwulize ameona nini jioni zote hizo alizokuwa akimrudisha ndugu yako nyumbani huku wewe ukiandika hotuba. Usimkatize. Ukitoka, sema asante kwa sauti ya kusikika, na ununue kitambaa hata kama hukihitaji.

Mwisho, itisha mkutano upya. Usitayarishe chochote. Waambie wakazi ulikosea na mafundi warudi kazini kesho yake asubuhi. Otiende akililia mapicha, mwambie kwa upole kwamba picha ndizo zinazoweza kwenda kwingine. Halafu mtafute Kivuva kwa macho pale alipoketi, uongee naye mbele ya watu wale wale. Alikuomba, Mwenyekiti, akasema tafadhali, na mpaka leo mkutano haujamjibu.

Mshauri Wavinya